Aliyeshika Funguo za Ndani

Mfalme Yongzheng yuko kitandani, nguvu zimemwisha, na kabla hajafa anataka kujua jambo moja tu: mapacha aliowazaa Zhen Huan ni wa nani. Mwanamke aliyeketi kando yake hapandishi sauti. Anamjibu kwa adabu ile ile aliyofundishwa alipoingia kasri akiwa msichana, kwamba watu wote walio chini ya mbingu ni watoto wa mfalme. Jibu hilo lingesomwa mbele ya baraza zima na asipatikane wa kulitia kosa. Mfalme, ambaye si mjinga, analielewa. Hasira inampanda, anajaribu kuita watu, haji mtu, na roho inamtoka. Hivyo ndivyo inavyofikia tamati Zhen Huan Zhuan, tamthilia ya Kichina ya sehemu 76 iliyoongozwa na Zheng Xiaolong na kuanza kuonyeshwa mwaka 2011, Sun Li akiwa mhusika mkuu. Kisasi kimelipwa bila panga wala kelele, na aliyekilipa anaamka kesho yake akiitwa mama wa mfalme mpya.

Watu wengi wakieleza mwisho wa namna hii husema tumeonyeshwa subira ya mwanamke, au hila zake. Siyakubali maelezo hayo. Subira peke yake haimwangushi mfalme, na makasri yote ya dunia yalijaa wanawake wavumilivu waliozikwa bila kukumbukwa. Zhen Huan anashinda kwa sababu anaijua kazi. Anajua chai ya nani hupita mikononi mwa nani, dawa hupimwa na tabibu yupi na kuandikwa katika daftari lipi, vazi la sherehe hutoka ghala gani, na towashi yupi anadaiwa fadhila na bibi yupi. Ukimya wake hakuzaliwa nao. Ni namna ya kufanya kazi mahali ambapo kila neno lina msikilizaji anayelipwa. Hoja yangu ni kwamba tamthilia bora za mavazi ya kale, ziwe za China, Korea au Uturuki, ni hadithi za kazi kabla ya kuwa hadithi za mapenzi, na kwamba kisasi ndani yake ni kanuni za nyumba zilizogeuzwa dhidi ya mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo zinawakera watawala. Kwa sababu hiyo hiyo pia zina kasoro ambayo sisi mashabiki wake hatupendi kuitazama.

Chukua kisa cha ubani. Katika Zhen Huan Zhuan yumo Hua Fei, mke wa daraja la juu, mrembo, mkali, anayetisha kila mtu kwa sababu kaka yake ni jemadari Nian Gengyao. Mfalme amemtunukia ubani wa kipekee ambao hakuna mwingine anayeruhusiwa kuufukiza, na Hua Fei huufukiza kila siku kwa fahari, akiuona ni ushahidi wa mapenzi. Ndani ya ubani huo mna miski, na miski hiyo, kwa mujibu wa hadithi, ndiyo inayomzuia kushika mimba. Aliyeagiza ichanganywe ni mfalme mwenyewe, asiyetaka mtoto wa kiume mwenye damu ya jemadari huyo. Matabibu wanajua. Wanaokuja kujua wengine wanajua kwa pua na kwa vitabu vya dawa, na hawasemi. Mwisho Zhen Huan anamweleza Hua Fei ukweli huo siku ambayo hana tena kaka, cheo wala mtetezi, na Hua Fei anajipigiza kichwa ukutani akafa. Ni kisasi kikatili, nami sikipambi. Lakini tazama kimetengenezwa kwa nini: habari ya ghalani, habari ya kitaalamu, iliyotunzwa hadi wakati wake. Mke mkuu naye anamwangusha Zhen Huan kwa njia hiyo hiyo. Vazi lake la sherehe linaharibika, idara ya vifaa vya kasri inamletea jingine, naye anajitokeza mbele ya mfalme amevaa nguo ya malkia aliyekufa, mwanamke pekee ambaye mfalme alimpenda kwa dhati. Hakuna aliyemtukana mtu. Lilitolewa vazi moja badala ya jingine, na maisha ya mtu yakageuka.

Hapo ndipo mavazi ya tamthilia hizi yanapoacha kuwa pambo la macho. Mtazamaji mgeni huona hariri, pini za nywele na kucha ndefu za dhahabu, akadhani anaonyeshwa utajiri. Mwenyeji wa kasri anasoma daraja, madeni na vitisho. Mtazamaji wa pwani yetu ana msaada fulani katika kusoma huko, maana amekulia katika jamii ambamo mwanamke huweza kumvalia jirani yake kanga yenye maneno, akapita mlangoni kwake mara mbili, na ujumbe ukafika bila salamu kuvunjwa. Taarabu nayo imekula chakula hicho kwa zaidi ya karne. Fumbo ni silaha ya mtu anayelazimika kuendelea kuishi na adui yake nyumba moja, uani pamoja, kwenye harusi na misiba ile ile. Sishangai kwamba tamthilia ya Kichina iliyopata jina kubwa Tanzania ilipoonyeshwa TBC kwa Kiswahili mwaka 2011, Doudou na Mama Wakwe Zake, haikuwa ya vita wala ya majambazi. Ilikuwa ya mkwe, mama mkwe na sebule. Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Siasa ya ndani ya nyumba haikuhitaji mkalimani.

Mfano ulio safi kuliko wote unatoka Korea. Dae Jang Geum, tamthilia ya sehemu 54 iliyotoka mwaka 2003, inamfuata msichana anayeingia jikoni mwa mfalme Jungjong, katika karne ya 16, akiwa na dhamira ya kusafisha jina la mama yake, aliyekuwa mpishi wa kasri na akaangamizwa na ukoo wenye nguvu jikoni humo. Mwalimu wake, Bibi Han, naye anasingiziwa uhaini baada ya mfalme kuugua kutokana na nyama ya bata, na anakufa njiani akipelekwa uhamishoni. Jang-geum anafanywa mtumwa katika kisiwa cha Jeju, anajifunza utabibu huko, na anarudi kasri kwa mlango mwingine. Kisasi chake ni nini? Ni kuthibitisha, kwa ujuzi wa vyakula na magonjwa, kwamba Bibi Han hakuwa na hatia katika kisa cha bata. Anapeleka maarifa mezani mpaka uongo unakosa pa kukaa. Kumbukumbu rasmi za utawala wa Joseon zinamtaja kwa mistari michache tu tabibu mwanamke wa jina hilo aliyemhudumia mfalme. Kutoka mistari hiyo waandishi wakajenga mwanamke mzima, na wakaujenga uso wake juu ya kisu cha jikoni, mizani ya dawa na sindano. Ningetaka wanaosema tamthilia hizi ni za wivu mtupu waanze na hii.

Sasa, kwa nini watawala wanakereka? Muhteşem Yüzyıl, tamthilia ya Kituruki kuhusu Sultani Süleyman na mkewe Hürrem, ilipoanza Januari 2011, mamlaka ya utangazaji ya Uturuki ilipokea malalamiko zaidi ya 70,000. Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, aliishambulia hadharani, akisema Süleyman anayemjua yeye alitumia miaka 30 ya maisha yake juu ya farasi, wala hakuwa wa kukaa kasri kama anavyoonyeshwa. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa 2019, gazeti la Beijing Daily lilichapisha makala yenye orodha ya madhambi ya tamthilia za kasri: kwamba zinatukuza fitina, zinapamba anasa za wafalme, zinawaweka watawala wa kale mbele ya mashujaa wa leo. Muda mfupi baadaye vituo vya serikali viliondoa tamthilia mbili kubwa za mwaka uliotangulia, Yanxi Gonglüe na Ruyi Zhuan, kwenye ratiba zao. Serikali hizo mbili hazina dini moja, chama kimoja wala historia moja. Moja ililalamika kwamba mfalme amedhalilishwa, nyingine kwamba ametukuzwa. Ila kilichozisumbua, naona, ni kitu kimoja: mtawala ameteremshwa kutoka farasini akaketishwa sebuleni, na sebuleni ameonekana anategemea watu. Anayetegemea mikono ya wengine kula, kuvaa, kulala na kupata mrithi anaweza kuendeshwa na mikono hiyo.

Na historia haiko upande wa farasi kama Erdoğan alivyotaka. Süleyman alikwenda vitani mara nyingi, kweli, lakini akiwa huko ni Hürrem aliyemwandikia barua za habari za mji mkuu. Mwanamke huyo aliingia Istanbul akiwa mtumwa aliyenunuliwa, akaolewa rasmi na sultani katika miaka ya 1530, jambo ambalo watu wa zama hizo waliliona la ajabu, na akakaa mji mkuu badala ya kufuatana na mwanawe mikoani kama ilivyokuwa desturi ya mama wa wana wa sultani. Aliandikiana na mfalme wa Poland. Jengo la wakfu wake, lililochorwa na msanifu Sinan, lilikuwa na msikiti, shule na hospitali, na mtaa wa Haseki huko Istanbul unabeba cheo chake hadi leo. Mwanahistoria Leslie Peirce, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu wanawake wa nyumba ya sultani, alieleza kwamba harimu haikuwa bustani ya starehe tu. Ilikuwa taasisi ya siasa yenye vyeo, mishahara na mtiririko wa mamlaka, na mkubwa wake alikuwa mama. Tamthilia ilizidisha machozi na ikafupisha makunjo ya nguo, lakini katika hilo ilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko picha ya mtu aliyeshinda tandikoni miaka 30.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote nimelisikia likisemwa kwa sauti za wahubiri na za wanaharakati vilevile, na si jambo la kawaida makundi hayo kukubaliana. Wanasema tamthilia hizi zinamfundisha mwanamke kwamba adui yake ni mwanamke mwenzake: mke mwenza, mama mkwe, kijakazi mzuri. Ukihesabu maiti, wana haki. Wanawake ndio wanaouana. Ila swali la maana ni nani aliyepanga wapambane. Katika Zhen Huan Zhuan, Hua Fei kwa miaka mingi anamchukia Duan Fei kwa sababu Duan Fei ndiye aliyemletea dawa iliyoharibu mimba yake ya kwanza, na katika kulipiza anamharibia uzazi wake. Baadaye tunajua kwamba dawa ile ilitoka kwa mfalme na mama yake, na Duan Fei alikuwa mkono tu. Wanawake wawili wameangamizana kwa tendo la mtu wa tatu, ambaye anawatembelea wote wawili kwa zamu na kuwapa zawadi. Sijui mahubiri yanayoweza kuueleza ukewenza wa kasri vizuri zaidi ya hapo. Nako Uturuki, sheria ya ukoo wa Osmani iliruhusu mwana anayekalia kiti kuwaua ndugu zake, na mwaka 1595 Mehmed III aliwanyonga ndugu 19. Mama mwenye mtoto wa kiume katika nyumba ya namna hiyo hana nafasi ya kuwa mpole kwa mama wa mwana mwingine. Mmoja wao atazika. Anayelaumu wivu wa Hürrem na mpinzani wake Mahidevran bila kuitaja sheria hiyo amemwacha mtunzi wa mchezo akatazama wachezaji.

Nakiri si kila tamthilia inafika huko. Yanxi Gonglüe, iliyotikisa dunia mwaka 2018 hata ikaongoza orodha ya Google ya tamthilia zilizotafutwa zaidi mwaka huo, ingawa Google yenyewe imefungwa China, ina kasi na inachekesha, na rangi zake zilizopoa ni uzuri wa kweli. Lakini Wei Yingluo, mdarizi aliyeingia kasri kumtafuta aliyemwua dada yake, hana ukimya. Anajibu papo kwa papo, anashinda kila wiki, na kila adui akianguka anatokea mwingine mwenye cheo kikubwa kidogo. Ni mchezo wa kupanda ngazi. Mtazamaji anapata raha ya kuona mwenye kiburi akiaibishwa, raha halali kabisa kwa mtu aliyetoka kazini kwa bosi wake, ila hatoki akijua zaidi jinsi nyumba ile inavyofanya kazi. Tofauti kati yake na Zhen Huan ni kwamba wa kwanza ana ulimi na wa pili ana kumbukumbu.

Pingamizi la pili ni la wanahistoria: kwamba mambo haya hayakutokea. Ni kweli, na tena makosa ni makubwa kuliko mashabiki wanavyodhani. Kitabu cha Liu Lianzi kilichozaa Zhen Huan Zhuan kilisimuliwa katika ufalme wa kubuni. Waliotengeneza tamthilia ndio walioihamishia enzi ya Yongzheng, aliyetawala kuanzia 1722 hadi 1735. Dada halisi wa Nian Gengyao hakuwa tasa; alimzalia mfalme watoto wanne, wote wakafa wadogo, na yeye mwenyewe alikufa kwa maradhi mwaka 1725, kabla kaka yake hajalazimishwa kujiua. Ubani wa miski ni hekaya. Mama halisi wa mfalme mpya, Qianlong, hakunong'oneza sumu sikioni mwa mtu. Aliishi hadi 1777 akiheshimiwa na mwanawe. Hayo yote nayakubali. Lakini ukienda kwenye kumbukumbu zenyewe ukitaka kujua wanawake hao walifikiri nini, unakuta vyeo, tarehe za kuzaa, tarehe za kufa na majina ya heshima waliyopewa baada ya kufa. Mara chache sana karatasi inapasuka. Mwaka 1765 mke wa pili mkuu wa Qianlong, wa ukoo wa Nara, akiwa safarini kusini pamoja na mfalme, alikata nywele zake, kitendo ambacho kwa desturi ya Wamanchu kilikuwa cha kuomboleza aliyekufa. Mume alikuwa hai. Alirudishwa Beijing, akanyang'anywa vyeo, akafa mwaka uliofuata, na sababu ya kukata nywele hizo haikuandikwa. Hapo ndipo tamthilia inapopata uhalali wake: si kwa kuwa inajua sababu, bali kwa kuwa inakataa kuuchukua ukimya wa makarani kama ushahidi kwamba hapakuwa na sababu. Ruyi Zhuan ilitumia sehemu 87 kuielekea nywele ile. Kwa ladha yangu ni nyingi mno, lakini lengo lilikuwa sahihi.

Anayetaka kisa cha namna hii kisichohitaji mtunzi asivuke bahari. Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, binti ya Sultani Sayyid Said na suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan; wasichana wa Kicherkesi walifikishwa pia Istanbul, kwa hiyo nyumba ya Mtoni na nyumba ya Süleyman zilikuwa na undugu wa soko moja. Katika kitabu chake anamweleza Azza binti Sef, mke mkuu wa baba yake, asiye na mtoto wala umbo la kutisha, ambaye nyumba nzima ilimnyenyekea na hata Sayyid Said hakupenda kumpinga. Salme mwenyewe alikuwa na kosa moja: alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Baba alipokufa mwaka 1856 na ndugu wakaanza kugombea kiti, ujuzi huo ukawa silaha. Mwaka 1859 Barghash alipanga kumwondoa kaka yake Majid, na dada zake, Khole mbele yao, walikuwa kiini cha mpango. Karani wao alikuwa Salme, mwenye umri wa miaka 15 hivi. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, dada zake walimtoa akiwa amevalishwa mavazi ya kike, wakampitisha mbele ya walinzi ambao heshima haikuwaruhusu kumfunua mwanamke. Mwandishi wa tamthilia angekibuni kisa hicho, angeambiwa amezidisha. Askari wameshindwa na kanuni ya sitara, kanuni iliyowekwa ili kuwafungia wanawake hao hao ndani.

Ila mpango ulishindwa. Wanamaji wa Kiingereza walimsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki ametengwa na pande zote. Mwaka 1866 alikimbia Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, akabatizwa Aden na kuolewa, akawa Emily Ruete wa Hamburg, na baada ya miaka michache tu akawa mjane. Mwaka 1885 alirudi kudai urithi wake, meli za kivita za Kijerumani zikiwa bandarini, na Barghash, sasa sultani, yule yule ambaye barua zake ziliandikwa na mkono wa Salme, alikataa kumwona. Mwaka uliofuata Salme alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Sitaki kuziita kisasi moja kwa moja, maana zina mapenzi mengi kwa nyumba iliyomkataa. Hata hivyo, tunachokijua leo kuhusu maisha ya ndani ya makasri yale, na hasira za Barghash, na njama za 1859 kama zilivyoonekana kutoka uani, kwa sehemu kubwa tunakijua kwa kalamu yake. Wanaume walioshinda waliacha mikataba na balozi zao.

Kitabu hicho hicho kinanirudisha kwenye kasoro niliyoitaja mwanzoni. Salme anaandika kuhusu utumwa kama mtu aliyehudumiwa na watumwa tangu kuzaliwa: anautetea, anawakosoa Wazungu waliotaka ukomeshwe, na wale wajakazi waliobeba maji, mashada ya udi na siri za bibi zao hawapati sura yao wenyewe. Amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja iliwaacha masuria nje. Wakasubiri hadi 1909. Tamthilia za kasri zina upofu ule ule. Liuzhu, kijakazi wa Zhen Huan, anajitupa kwenye mapanga ya walinzi ili bibi yake mgonjwa apatiwe tabibu. Tunalia naye sehemu moja, kisha hadithi inaendelea na kifo chake kinakuwa mojawapo ya madeni ambayo bibi atayalipiza. Hakuna anayeuliza Liuzhu angetaka kulipizwa nini, na juu ya nani. Kama hoja yangu ni sahihi, kwamba nguvu ya kimya ni ujuzi wa kazi, basi wenye nguvu hiyo hasa si mabibi. Bibi anajua kwamba miski ipo. Kijakazi ndiye aliyeipima, akaisaga, akaiweka makaani. Tamthilia zinaazima ujuzi wa wajakazi na kumvika malkia.

Ndiyo sababu pingamizi la tatu, kwamba hizi ni hadithi za kihafidhina ambamo mwanamke mmoja anapanda na nyumba inabaki kama ilivyo, silijibu kwa kulikana. Nalikubali karibu lote. Ninaloongeza ni kwamba zilizo bora zinalijua. Mwandishi Liu Lianzi alimrudisha Zhen Huan katika Ruyi Zhuan, safari hii akiwa mama mzee wa mfalme, na hakumrudisha kuwa mkombozi. Anapanga nani aingie kitandani mwa mwanawe, anapima wasichana kwa faida yao kwake, anatoa fadhila kwa riba. Aliyeteswa na nyumba sasa ndiye anayeshika funguo zake, na milango inafungwa kwa namna ile ile. Mashabiki wengi walichukia mabadiliko hayo. Mimi naona ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote katika hadithi nzima ya Zhen Huan, maana inaonyesha bei ambayo sehemu 76 za kwanza zilitusahaulisha kwa jinsi tulivyokuwa tukimshangilia: ujuzi wa kanuni za nyumba unampa mtu uwezo wa kumwangusha mwenye nyumba, haumpi uwezo wa kutaka nyumba nyingine.

Siku moja mtayarishaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja atalichukua kasri la Mtoni na kulifanyia tamthilia. Mavazi yapo, bahari ipo, na njama ya 1859 imeshajiandika. Kishawishi kitakuwa kumweka Salme katikati na kumpa macho ya Sun Li. Itapendeza, na itauzika. Lakini Salme ameshajisimulia, na kwa ufasaha. Mhusika ambaye bado hajasikika ni yule aliyeagizwa kwenda kumtafutia binti wa sultani mfupa wa ngamia na wino, akajua unatumika kwa nini, na katika nyumba iliyojaa masikio akanyamaza. Mtayarishaji akianzia kwake, atalazimika kuamua kwanza kama alinyamaza kwa mapenzi, kwa woga, au kwa kuwa alikuwa akiiweka habari hiyo akiba kwa matumizi yake mwenyewe.